Je, Huyu ni Mtu? Hanuman, Sokwe wa Rubondo na Mpaka wa Ubinadamu

Katika mahekalu mengi ya Kihindu, ya Bara Hindi na ya Afrika Mashariki vilevile, mwenye kuingia hukutana na Hanuman. Ana kifua na mikono ya shujaa, uso na mkia wa tumbili, rungu mkononi, na mara nyingi mwili wake hupakwa rangi nyekundu ya sinduri. Mwenyeji huunganisha viganja akamsalimu. Mgeni husimama kidogo akajiuliza moyoni: je, huyu ni mtu, ni mnyama, au ni nani?

Swali hilo ni la kale, na limeulizwa na mataifa mengi kwa namna nyingi. Hapa Kanda ya Ziwa lina uzito wa pekee kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ng'ambo ya maji kutoka Nkome, katika kisiwa cha Rubondo, wanaishi viumbe ambao kwa karne nyingi wamewachanganya wasafiri na wanazuoni wasijue wawaweke upande gani. Ya pili ni nzito zaidi: katika mkoa huuhuu wa Geita, na kwa jirani zetu wa Shinyanga, wapo wanadamu waliouawa kwa sababu wenzao walilijibu swali hilo vibaya. Ndugu msomaji, makala haya yanafuata historia ya swali hilo, tangu hadithi za mabaharia wa kale hadi kwenye mialo na maduara yetu ya leo.

Majina matatu, wazo moja

Tuanze na majina, kwa maana jina ni hukumu ya kwanza. Waswahili walipomtazama sokwe mdogo wa misitu ya Tanganyika na Kongo walimwita sokwe mtu. Wamalayu wa Asia ya kusini-mashariki walipomtazama nyani mkubwa mwekundu wa visiwa vyao walimwita orang hutan, yaani mtu wa msituni. Na katika Kisanskriti, jamii ya Hanuman huitwa vanara. Wasimuliaji wa jadi hulichambua neno hilo kwa njia mbili. Wengine husema ni vana, msitu, na nara, mtu: basi ni mtu wa msituni. Wengine hulikata mahali pengine, va nara, wakalifanya kuwa swali: ama ni mtu? Uchambuzi huo ni wa wasimuliaji kuliko wa wanaisimu, lakini waonyesha kwamba watu watatu walio mbalimbali, kila mmoja pembezoni mwa msitu wake, walifikia wazo lile lile. Walimwona jirani anayefanana nao, wakampa sehemu ya jina lao wenyewe.

Wageni wa Rubondo

Rubondo ni kisiwa cha kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Msafiri wa kwenda huko aweza kupanda boti Nkome kwa upande wa Geita, au Kasenda kwa upande wa Chato. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 1977 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Eneo lote la hifadhi ni kilometa za mraba zipatazo 457, na zaidi ya nusu yake ni nchi kavu yenye msitu mnene. Hapo awali kisiwa kilikuwa na watu wake, wavuvi na wakulima, ambao walihamishiwa visiwa jirani na mwambao wa bara ili kuwapisha wanyama. Wanaosifu hifadhi wasisahau gharama hiyo.

Sokwe hawakuwa wenyeji wa Rubondo. Waliletwa kwa meli kutoka Ulaya. Aliyewaleta alikuwa Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambaye Watanzania wengi wanamjua kwa kazi yake ya Serengeti. Kati ya mwaka 1966 na 1969 aliwafungulia kisiwani sokwe 17. Wengi wao walikuwa wamekamatwa wakiwa wachanga katika misitu ya Afrika Magharibi, wakavushwa bahari, wakafungwa miaka kadhaa katika vizimba vya Ulaya, wakitazamwa na watoto siku za Jumapili. Sasa milango ilifunguliwa, wakaachwa katika msitu wasioujua, bila mwalimu wala mafunzo.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Madume wawili waliozoea watu waligeuka wakali, wakashambulia wanadamu, wakapigwa risasi. Lakini waliobaki walifanya jambo ambalo wataalamu hawakulitegemea kwa urahisi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi walikuwa wamejua matunda na majani ya kisiwa. Walikuwa pia wakijitengenezea vitanda vya matawi juu ya miti kila jioni, kama wafanyavyo sokwe wote walio huru, na wakaanza kumkwepa binadamu. Wakazaliana. Leo uzao wao ni makumi kadhaa, na askari wa hifadhi wamelazimika kutumia miaka mingi kuwazoesha tena kuvumilia macho ya wageni. Kizimba kiliwanyima uhuru, lakini hakikubadili asili yao.

Tanzania, kwa hakika, ndiyo shule kuu ya dunia katika elimu ya sokwe mtu. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, mwezi Julai 1960. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichukua ubua wa nyasi, akiuingiza katika tundu la kichuguu, na kuutoa umejaa mchwa. Wakati huo wanazuoni walifundisha kwamba mtu hutofautiana na wanyama wote kwa kuwa yeye peke yake hutengeneza zana. Louis Leakey, mwalimu wa Goodall, alipopata habari alijibu kwamba sasa itabidi ama tubadili maana ya zana, ama tubadili maana ya mtu, ama tukubali kwamba sokwe ni watu. Mpaka uliodhaniwa kuwa ukuta wa mawe ulikuwa umetikiswa na ubua wa nyasi.

Mabaharia, madaktari na wasafiri

Mshangao wa Leakey ulikuwa na wazee wake. Yapata karne ya tano kabla ya Kristo, Hanno, baharia wa Karthago, alisafiri kando ya pwani ya magharibi ya Afrika. Habari zake zinasema alikuta kisiwa chenye watu wenye manyoya mwili mzima, ambao wakalimani wake waliwaita Gorillai. Wanaume walikimbilia magengeni. Wanawake watatu walikamatwa, wakang'ata na kuparura, wakauawa, na ngozi zao zikapelekwa Karthago. Hakuna ajuaye kwa yakini kama walikuwa sokwe au wanadamu. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, mwaka 1847, jina hilo lilichukuliwa na kupewa sokwe mkubwa tunayemwita gorila. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwandishi yule aliwaita watu, na bado akasimulia jinsi walivyochunwa.

Mwaka 1699 daktari Edward Tyson wa London alichapisha kitabu juu ya maiti ya kiumbe mdogo aliyeletwa kutoka Angola. Alimpasua kwa uangalifu na kumlinganisha na mtu na tumbili, kiungo kwa kiungo. Alihesabu mambo 48 ambayo kiumbe huyo alifanana zaidi na mtu, na 34 ambayo alifanana zaidi na tumbili. Alikuwa ni sokwe mtu mchanga. Mchoraji wa kitabu akamchora amesimama wima na mkongojo mkononi, mithili ya mzee anayetoka barazani. Tyson aliona pia kwamba viumbe wa ajabu waliosimuliwa na Wayunani wa kale, nusu watu nusu wanyama, huenda walikuwa sokwe na nyani walioonwa kwa mbali na kusimuliwa kwa chumvi.

Karibu zaidi na kwetu yupo David Livingstone, aliyekuwa Manyema, mashariki mwa Kongo, mwaka 1870 na 1871. Aliandika habari za mnyama aliyemwita soko, ambaye bila shaka ni sokwe wetu. Yeye mwenyewe alimwona ana sura mbaya. Lakini aliandika kwa uaminifu kwamba Wamanyema walimwambia soko ni mtu, wala hana ubaya. Baadaye mfanyabiashara mmoja alimpa soko mchanga wa kike, na mzee yule akaona jinsi mnyama yule alivyonyoosha mkono ili abebwe, na alivyolia kama mtoto mdekezwaji aliponyimwa.

Mwaka huohuo, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, katika nchi hiyohiyo ya Manyema. Watu wa wafanyabiashara wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Wauaji wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hivyo katika nchi moja walikuwako watu waliomwita sokwe mtu asiye na ubaya, na watu wengine waliowatenda wanadamu kama wanyama wa kuwindwa.

Jedwali la Linnaeus

Sasa tunafika mahali ambapo historia ya sokwe na historia ya Geita zinakutana, ingawa pa mwanzo pako mbali sana, nchini Sweden. Mwaka 1758 Carl Linnaeus alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake cha kupanga viumbe vyote. Ndiye aliyetupa jina la kisayansi la mwanadamu, Homo sapiens. Lakini kando ya Homo sapiens aliweka mtu wa aina ya pili, Homo troglodytes, maana yake mtu akaaye mapangoni. Alimweleza hivi: hutembea wima, mwili wake ni mweupe, nywele zake nyeupe zimejikunja, macho yake yana rangi ya dhahabu, hujificha mchana na kutoka usiku.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuambiwa huyo ni nani. Wanahistoria wa sayansi wamekwisha kuonyesha kwamba maelezo hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na habari za wasafiri juu ya watu wenye ualbino, zikichanganywa na habari za orangutani. Linnaeus hakuwa amemwona hata mmoja. Aliketi mezani kwake, akasoma barua na vitabu, na kwa kalamu yake akamtoa binadamu katika orodha ya binadamu.

Hata hilo la kujificha mchana lina sababu nyepesi. Ngozi na macho ya mtu mwenye ualbino yana upungufu wa melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Mwanga mkali humuumiza macho na jua humchoma ngozi, basi hutafuta kivuli. Jambo ambalo daktari angelitibu kwa kofia na miwani, mwanazuoni aliligeuza kuwa dalili ya spishi nyingine.

Mwaka 1744, kabla ya chapa hiyo, mtoto mwenye ualbino aliyezaliwa na wazazi weusi alionyeshwa jijini Paris, na watu wakubwa wakaenda kumtazama. Wawili kati yao waliandika. Voltaire, mwandishi mwenye akili kali, alisema hao ni taifa jingine kabisa la viumbe, walio chini ya watu wengine na juu ya wanyama. Maupertuis alimtazama mtoto yuleyule akauliza swali tofauti: imekuwaje wazazi weusi wakapata mtoto mweupe? Akajibu kwamba jambo hili limo ndani ya damu ya ukoo, hupita kimyakimya kutoka mzazi hadi mtoto, kisha siku moja likajitokeza. Voltaire alitazama ngozi, Maupertuis akawakumbuka wazazi.

Historia ilimpa haki Maupertuis. Tangu katikati ya miaka ya 1770, Blumenbach wa Ujerumani alisisitiza kwamba wanadamu wote ni spishi moja, akamfuta yule mtu wa mapangoni. Jina lenyewe halikutupwa, alipewa sokwe, na mpaka leo jina la kisayansi la sokwe mtu, akiwamo yule wa Rubondo, ni Pan troglodytes. Mwaka 1908 daktari Archibald Garrod wa London aliutaja ualbino miongoni mwa hali za kurithi zinazotokana na kasoro ndogo ya utendaji wa mwili. Leo tunajua kwamba baba na mama wenye rangi ya kawaida wanaweza kila mmoja kubeba jeni moja ya ualbino bila kujua, na katika kila uzazi kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Hakuna laana, hakuna mzimu, wala hakuna sababu ya kumsingizia mke.

Kizimba cha New York

Asidhani mtu kwamba makosa ya namna hiyo ni ya karne za giza tu. Mwezi Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani pamoja na orangutani, na maelfu wakalipa nauli kwenda kumcheka. Alikuwa mfupi wa kimo, na meno yake yalichongwa kwa desturi ya kwao. Wachungaji weusi wa New York, wakiongozwa na James H. Gordon, walipinga hadharani hadi akatolewa. Hakupata tena kuiona Kongo. Mwaka 1916 alijiua huko Virginia. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020, baada ya miaka 114.

Tulinganishe safari mbili. Sokwe walitolewa vizimbani Ulaya wakarudishwa katika msitu wa Afrika. Mwafrika alitolewa katika msitu wa Afrika akatiwa kizimbani. Aliyefunga na aliyefungua wote walijiona watu wa elimu. Elimu ya kupima viungo peke yake haitoshi kumjua mtu.

Kipimo cha Rama

Hapa ndipo kisa cha Hanuman kinapotufaa, hata kwa msomaji asiye wa imani ya hekalu hili. Katika Ramayana, Rama na nduguye Lakshmana wako uhamishoni msituni, wakimtafuta Sita aliyetekwa nyara. Wanakutana na Hanuman, aliyejigeuza mtawa ombaomba ili awapeleleze. Rama anamsikiliza, kisha anamwambia nduguye kwamba mtu hawezi kusema kwa ufasaha namna hii asipokuwa amesoma Veda na sarufi; katika maneno yake yote hamna neno lililokosewa. Kwanza Rama alisikiliza maneno. Uso wa tumbili ulidhihirika baadaye, na haukubadili hukumu yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Hanuman aliruka bahari akampelekea Sita pete ya mumewe. Lakshmana alipoanguka vitani, Hanuman alitumwa kuleta mmea wa kumhuisha, na alipokosa kuutambua akaung'oa mlima mzima akaubeba. Rama alimkumbatia kama ndugu.

Tumtazame sasa mpinzani wao. Ravana alikuwa mfalme, mwana wa ukoo wa wahenga, msomi wa Veda. Kilichomfanya kuwa adui wa wanadamu hakikuwa vichwa vyake kumi, bali tendo lake la kumnyang'anya mtu mkewe. Hata nyumbani kwake, nduguye Vibhishana, ambaye naye ni rakshasa, alimtetea Hanuman asiuawe kwa kuwa mjumbe hauawi, na baadaye akaenda upande wa haki. Basi katika utenzi huo tumbili ni mtu kamili, mfalme msomi ni zimwi, na ndugu wa zimwi ni mwadilifu. Sura haikumwokoa mmoja wala kumhukumu mwingine.

Simulizi jingine la jadi linamtaja Ashtavakra, mwanachuoni aliyezaliwa na mwili uliopinda mahali manane. Alipoingia katika baraza la mfalme Janaka, wasomi wote walimcheka. Naye akacheka kuliko wao. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba alidhani amekuja katika baraza la wenye hekima, kumbe amefika kwa wafanyabiashara wa ngozi, ambao hawajui kupima kitu kingine.

Shing'weng'we ni nani?

Usukuma nao una hekima yake juu ya jambo hili. Wazee husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo ya nchi nzima. Alisalimika mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha ndani ya makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, kijana mwepesi wa kuelewa, ambaye alipokua aliuliza: watu wote wako wapi? Akalitafuta zimwi, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai. Husimuliwa pia kwamba katika kulipasua alimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani, akajikuta ana deni kwake. Hata mkombozi wa nchi hakusamehewa jeraha la mtu mmoja.

Katika kisa hicho zimwi hujulikana kwa kazi yake, yaani kumeza watu. Tukishika kipimo hicho, tutazame miaka ya karibuni ya kanda yetu. Tangu yapata mwaka 2007 habari zilienea duniani kwamba Mwanza, Shinyanga, Geita na mikoa ya jirani watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, watoto wakinyakuliwa kutoka mikononi mwa mama zao usiku. Wapiga ramli chonganishi waliwaaminisha wachimbaji kwamba kiungo cha mtu huyo kingefichua dhahabu katika duara, na wavuvi kwamba kingejaza nyavu sangara. Waliofanya hivyo walijitetea kwamba hao si watu, ni mizimu. Kwamba hawafi bali hupotea. Ni jedwali la Linnaeus lile lile, safari hii limeandikwa kwa panga. Na bibi vizee wa kanda hii nao wameuawa kwa kosa la macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni walizowapikia wajukuu kwa miaka hamsini.

Nchi haikunyamaza. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kusimamisha leseni za waganga wa jadi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu za kwanza za kifo kwa wauaji. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua kwa kura zao Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, awawakilishe bungeni. Shule ya Buhangija, Shinyanga, iliwapokea watoto waliokimbia makwao. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ikawa mahali pa kutengenezea losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao, kwa sababu saratani ya ngozi imewaua wengi kimyakimya. Na Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 13 Juni kila mwaka kuwa siku ya kukuza uelewa kuhusu ualbino.

Hata hivyo sheria hufika baada ya panga. Kinachofika kabla ya panga ni neno. Mtoto anayeitwa zeruzeru njiani kila siku, anayetemewa mate kifuani na wapita njia, anayesikia kwamba yeye hafi bali hupotea, amekwisha kutolewa katika orodha ya watu kabla muuaji hajafika mlangoni. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika mambo haya methali hiyo imetutia aibu, kwa maana mara nyingi waliowala watu hawa walikuwa wanaowajua: jirani, mjomba, pengine baba.

Wajibu wa nyumba za ibada

Hekalu linapoadhimisha miaka yake huhesabu matofali, wafadhili na sherehe, na ni haki. Lakini nyumba ya ibada yenye Hanuman ndani yake imebeba fundisho ambalo Kanda ya Ziwa inalihitaji sana, na ambalo misikiti na makanisa ya jirani yatalipokea bila ugomvi: usimhukumu mwenye uso usio kama wako, msikilize asemavyo, utazame atendavyo.

Fundisho hilo lina kazi za mikono. Mwenye duka aweze kuweka kofia pana na losheni kwa bei ya mtaji. Mwalimu amketishe mtoto mwenye ualbino dawati la mbele, kwa kuwa haoni ubao vizuri, wala si kwa kuwa hana akili. Mwenye duara na mwenye mtumbwi wamfukuze mpiga ramli anayewatajia kiungo cha binadamu, kisha wampeleke polisi. Mume asimwache mke kwa mtoto mweupe, maana nusu ya jeni hizo ni zake. Na sote tuache lile neno, tumwite mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Sokwe wa Rubondo wataendelea kulala juu ya miti yao, wala hawatuombi tuwaite watu. Wanaotuomba hivyo wako nasi huku bara: wanasoma Buhangija, wanauza nyanya Nkome, wanasafiri nasi kwenye basi la kwenda Geita. Wao jibu la swali letu wanalijua tangu walipozaliwa, na mama zao walilijua kabla yao.